Sanduku la tenda limeingia kwenye kompyuta, BQ bado iko mfukoni mwa mtu

Tangu Hazina ya Taifa itoe amri kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2025 kila ofisi ya umma ifanye manunuzi yake kwa mfumo mmoja wa kielektroniki, huu wanaouita e-GP, mabaraza ya Amu, yaani Lamu, hayajatulia. Ukikaa Mkunguni jioni utawasikia wenyewe, huyu anasema alhamdulillahi sasa wizi wa tenda umekwisha manake kompyuta haina mjomba, yule anasema tuliokwisha ni sisi wadogo, kazi zote zitabebwa na makampuni ya Nairobi. Magavana nao wakakataa, wakasema serikali kuu inaingilia mambo ya kaunti, mpaka kesi zikafika kortini, na ikawa kila anayefungua mdomo ama yuko na mfumo ama anaupinga. Mimi naona pande zote mbili zimekodolea macho sanduku la tenda, na kwenye kazi za ujenzi sanduku ni mahali padogo sana pa kuibia. Pesa nyingi hupotea kabla tenda haijatangazwa, pale BQ, ile orodha ya kazi na vipimo vyake, inapoandikwa, na baada ya mtu kupewa kazi, pale vipimo vinapobadilishwa na malipo yanapotoka. Mfumo ukifungua sehemu hizo mbili watu wakaona ndani utatufaa sana, tena utawafaa watu wa visiwani kuliko hata hao wa Nairobi. Ukiishia kwenye sanduku itakuwa ni kulipaka jahazi sifa, yale mafuta ya samaki, likang'ara, na kalafati imeng'oka chini.

Wacha nianze na sanduku lenyewe manake sitaki mtu aniambie silijui. Miaka kadhaa iliyopita nlimsindikiza ami yangu, kontrakta mdogo wa Faza, kupeleka tenda ya choo cha shule kwenye ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Makaratasi tumeyafunga kwenye nailoni mara mbili yasirowe, bahasha ya ndani na bahasha ya nje, mhuri kila ukurasa, usiku mzima tumekuwa tukiandika namba za kurasa kwa kalamu kwa sababu sheria inataka kurasa zifuatane kwa namba na watu wametolewa nje kwa kukosa namba ya ukurasa mmoja. Muda wa mwisho saa tano asubuhi. Boti ikafika mkondo wa Mkanda maji yamekupwa, tukakwama pale kama nusu saa na vijana wakashuka kusukuma. Tulipoingia ofisini karani hakuinuka hata kwenye kiti, akatwambia, "Mzee, saa tano na dakika nane hii, sanduku limeshafunguliwa." Ami yangu hakubishana, akaiweka bahasha kwapani tukarudi. Na karani alikuwa sawa, tenda iliyochelewa haifunguliwi, hurudishwa kama ilivyo. Lakini fikiria, mtu ameshindwa tenda na kupwa kwa maji, si na bei yake wala kazi yake. Kwa hivyo anayesema karatasi ni rafiki ya mnyonge simuelewi anamsemea mnyonge gani.

Sasa sheria yetu wala si mbovu. Katiba ya 2010 kifungu cha 227 inataka manunuzi ya umma yawe ya haki, ya usawa, ya wazi, ya ushindani na yenye kuokoa pesa. Sheria ya manunuzi ya 2015 na kanuni zake za 2020 zikaja na vipimo vyake: dhamana ya zabuni isizidi asilimia 2, tathmini imalizike ndani ya siku 30, ukishapewa barua ya matokeo pasainiwe mkataba si kabla ya siku 14 ili aliyeshindwa apate nafasi ya kulalamika, na bodi ya rufaa imalize malalamiko ndani ya siku 21. Bei zinasomwa kwa sauti mbele ya waliokuja. Kwenye karatasi yote haya yalikuwepo. Kilichokosekana ni kuona: uko Kizingitini, utajuaje bei zilisomwa ngapi, utajuaje ile bahasha ya saba iliyotokea baadaye ilitoka wapi. Hapo mfumo una faida ya wazi na wala sioni sababu ya kubishana nayo. Zabuni inapakiwa, inafungwa kwa ufunguo wa siri, seva inaandika saa na dakika, na mpaka saa iliyotangazwa ifike hakuna mtu anayeweza kuifungua, si afisa wa manunuzi, si fundi wa mitambo, si mkubwa yeyote. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Na ufunguzi uhitaji watu zaidi ya mmoja, kila mmoja na ufunguo wake, na kila aliyegusa faili jina lake libaki kwenye daftari la mfumo ambalo halifutiki. Mfumo usiokuwa na hayo matatu usiuite wa kisasa, hio ni barua pepe iliyovaa kanzu.

Lakini wale wanaoshangilia wakumbuke kwamba hii si mara ya kwanza tunaambiwa kompyuta itatuokoa. IFMIS, mfumo wa serikali wa hesabu na malipo, ilikuwepo, na mwaka 2014 ikazinduliwa sehemu yake ya manunuzi kwa shangwe hizihizi. Mwaka uliofuata ikaja kashfa ya NYS, shirika la huduma kwa vijana, ile ya shilingi milioni 791, na moja ya mambo yaliyosemwa waziwazi ni kwamba paswadi za maafisa zilitumika kuingia kwenye mfumo na kupitisha malipo. Kompyuta haikuiba, ilifanya ilivyoambiwa na aliyekuwa na paswadi. Na usidhani ni sisi tu. Korea Kusini ambao kila mtu anawatolea mfano walianza mfumo wao KONEPS mwaka 2002, ukasifiwa dunia nzima, lakini baada ya muda wakagundua kampuni zinaazimana vyeti vya kielektroniki, mtu mmoja anakaa nyuma ya kompyuta moja anaingiza zabuni za kampuni tano kama vile watu watano wanashindana. Wakalazimika mwaka 2010 kuleta alama za vidole ili anayeingiza zabuni ajulikane ni nani. Hapa kwetu huhitaji kampuni tano za kweli, ndugu watatu wana kampuni sita na karani wao mmoja. Mfumo unaweza kuona kwamba zabuni nne zimetoka kwenye kompyuta moja ndani ya dakika kumi, au kwamba faili nne za BQ zimetengenezwa na mtu mmoja na makosa ya hesabu yanafanana. Unaweza. Ila kuna tofauti kati ya kuweza kuona na kuwepo mtu aliyeamrishwa aangalie na asipoangalia aulizwe.

Sasa twende kwenye kitu chenyewe nnachotaka kukisema, BQ. Kwa asiyejua, BQ ni ile orodha ya kazi zote za jengo na vipimo vyake, chimba msingi mita kadhaa, zege mita kadhaa, nondo kilo kadhaa, ukuta, paa, rangi, na kontrakta anaandika bei yake kwenye kila mstari kisha anajumlisha. Aliyeandika BQ ndiye aliyeamua vita vitapiganwa wapi. Chukua mfano wangu huu wa kubuni, jengo dogo kisiwani la kama milioni 5. Kwenye BQ kuna mstari unaosema kuchimba mwamba, mita 20 za ujazo. Makontrakta wa haki wanaweka shilingi 3,000 kwa mita, inakuwa 60,000, wanaendelea na mengine, jumla yao ni 5,000,000. Kuna mmoja lakini amenong'onezwa na aliyeandika BQ kwamba pale chini mwamba si mita 20, ni mita 120. Huyo anaweka 9,000 kwa mita, mstari unakuwa 180,000, halafu kwenye rangi na milango na paa anapunguza 400,000, jumla yake inatoka 4,720,000. Nani ameshinda? Yeye, kwa haki kabisa, bei yake ndio ya chini. Kazi inaanza, mwamba unaonekana, zile mita 100 za ziada zinalipwa kwa bei yake mwenyewe ya 9,000, ongezeko la 900,000, jengo linaisha kwa 5,620,000. Yule wa haki angemaliza kwa 5,300,000. Serikali imelipa laki tatu na elfu ishirini zaidi kwa kumchagua aliye rahisi. Na sheria inasema mabadiliko yote kwa jumla yasizidi asilimia 25 ya bei ya mkataba, haya hata 20 hayakufika. Kila karatasi iko sawa. Mkaguzi akija atakunywa chai aende zake.

Uniambie sasa, mtu akifanya yote hayo kwenye mfumo wa kielektroniki, na sahihi ya kielektroniki, na saa ya seva, kitazuilika nini? Hakuna. Tena kitang'aa, kitakuwa na baraka ya kompyuta, na ukilalamika utaambiwa mfumo ndio uliochagua. Ndo maana nasema utaratibu mzuri wa tenda za ujenzi kwa kompyuta unaanza na jinsi BQ inavyowekwa mle ndani. Kwanza isiwe ile PDF ya kuskani iliyopindapinda ambayo mtu anakaa usiku kuichapa upya mstari kwa mstari, akikosea sifuri moja ametoka. Iwe faili la hesabu ambalo vipimo vimefungwa, kontrakta anajaza bei tu na jumla inajikokotoa, hapo makosa ya kujumlisha yanakufa na pia mchezo wa "kurekebisha hesabu" wakati wa tathmini unakufa. Bei za kila mstari zikishakuwa kwenye mfumo kama namba si kama picha, kuzilinganisha ni kazi ya dakika: wazabuni wanane, saba wameweka mwamba 3,000 na mmoja 9,000, mstari huo uwake nyekundu na kamati ya tathmini iandike kwa nini wameuacha. Simaanishi afukuzwe hapohapo, huenda ana sababu, lakini swali liulizwe kabla ya mkataba, lisije kuulizwa miaka miwili baadaye na kamati ya seneti. Na pamoja na BQ ziwekwe michoro na ripoti ya udongo, kila mtu azipakue bure, na swali la mzabuni mmoja lijibiwe mbele ya wazabuni wote kwa wakati mmoja. Nong'ono la mita 120 lina thamani kwa sababu ni nong'ono. Likiandikwa kwenye majibu ambayo kila mtu anayasoma bei yake inakuwa sifuri.

Hapa nikiri kitu manake wako watakaonirukia. Si kila mabadiliko ya vipimo ni wizi. Anayejua nyumba za mji wa kale anajua. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huwezi kujua umeoza kiasi gani mpaka uubandue plasta. Unaandika kubadilisha boriti kumi, ukifungua dari unakuta ishirini na tano zimeliwa. QS, yule mpimaji anayeandika BQ, akitoka Nairobi na fomu yake ya kawaida hana hata mstari wa kuzima chokaa, anaandika "plasta ya simiti" kwa mazoea, na simiti kwenye ukuta wa matumbawe ni maradhi. Kwa hivyo kupiga marufuku mabadiliko ni ujinga, tutaharibu majengo ili tulinde asilimia. Nnachotaka ni mabadiliko yapite mle mle kwenye mfumo yalikopita zabuni, na picha yake na kipimo chake na jina la aliyeidhinisha, yaonekane na mtu yeyote mwenye simu. Ukraine kwenye mfumo wao wa Prozorro, uliolazimishwa kwa wote mwaka 2016, walijiwekea neno kwamba kila mtu aone kila kitu, na zabuni zikishafungwa nyaraka zinatoka hadharani. Sisi tumezoea kuona tangazo tu, halafu giza, halafu ubao wa mradi wenye jina la mkubwa.

Nirudi kwa magavana sasa, manake hoja zao si za kutupwa zote. Wanasema kaunti zina mamlaka yake kikatiba, hilo wacha mawakili walimalize. Wanasema mfumo umeletwa kwa haraka, na hapo wana haki, mfumo wa namna hii unatakiwa uanze na kazi ndogo, ukaguliwe, makosa yaonekane, ndio upandishwe kwenye kazi kubwa, si kuamka siku moja kila zahanati na kila barabara imeingizwa. Tanzania nao walikuwa na TANePS, wakaona haiwatoshi wakahamia NeST mwaka 2023, kwa hivyo hata jirani hakupata kwa mkupuo mmoja. Lakini kuna hoja moja nnaisikia sana na ndio dhaifu kuliko zote, kwamba watu wetu wa huku hawajui kompyuta. Jamani. Huyo kontrakta wa kule Hindi au Witu ambaye unamhurumia, cheti chake cha ushuru amekitoa wapi kama si iTax? Usajili wake wa NCA, mamlaka ya ujenzi, hata wa daraja la nane la chini kabisa, umepita wapi? Kampuni yake ameisajili eCitizen. BQ yake inajazwa kwenye Excel na kijana wa saiba pale Langoni halafu inaprintiwa, inapigwa mhuri, inawekwa kwenye boti. Kompyuta ameshaitumia kila mahali isipokuwa mahali pamoja tu, pale ambapo ingemuokolea safari. Anayesema hajui kompyuta mara nyingi ni yule ambaye kazi yake ilikuwa kukaa karibu na sanduku.

Hoja yenye uzito ni ile ya wenye hofu na makampuni ya nje, na wanaoipuuza hawajasoma. Kuna utafiti wa wachumi juu ya tenda za kielektroniki za barabara na kazi za umma India na Indonesia, ulichapishwa 2016, na matokeo yake yanawakera washangiliaji na wapinzani kwa pamoja. Bei ambazo serikali ililipa hazikushuka. Ndio, hazikushuka. Kilichobadilika ni kwamba India barabara zilikuwa bora zaidi, Indonesia ucheleweshaji ulipungua, na washindi walizidi kuwa watu wa kutoka nje ya eneo. Yaani mfumo ulileta makontrakta bora kutoka mbali, haukuleta rahisi. Ukiwa mzazi wa mtoto anayesoma kwenye lile darasa hio ni habari njema. Ukiwa fundi wa Matondoni unayetegemea kazi ya kaunti ni habari ya kukosa usingizi. Siwezi kumwambia huyo fundi kwamba asiwe na wasiwasi, ila ntamwambia kinga yake haiko kwenye sanduku la mbao. Sheria yenyewe inatenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na inataka kaunti itoe angalau asilimia 20 ya manunuzi yake kwa wakaazi wake. Kwenye karatasi kujumlisha kama zimefika ni kazi ngumu. Kwenye mfumo ni kubonyeza kitufe, na ikionekana ni asilimia 6 kuna mtu wa kuulizwa kwa jina. Pia kazi kubwa igawanywe kwa kiasi ambacho wa hapa anaweza kukibeba, si kuunganisha madarasa nane ya wadi nane kuwa tenda moja ili wa daraja la nane asiweze hata kuingia. (Kugawanya kazi ili kukwepa ushindani nako ni kosa, najua, usinitumie kifungu.)

Halafu kuna bei za kisiwani, kitu ambacho mtu wa bara hakioni mpaka alie. Mfuko wa simiti unafika Mokowe kwa lori, unashushwa, unapandishwa boti, unashushwa tena, kisha punda. Mchanga punda, kokoto punda, maji saa nyingine punda pia. Mawe ya kuchonga yanatoka Maweni, Manda, nayo yanavuka maji. Ikiwa jengo ni la Kiunga au Ndau ongeza safari nyingine ya boti na siku za kusi ambazo nahodha anakuangalia tu. Sasa mfumo ukiwekewa bei za rejea za nchi nzima, kwamba mfuko ni kiasi hiki na anayezidi anawaka nyekundu, kila kontrakta mkweli wa visiwani atawaka nyekundu na atakayeonekana mzuri ni yule wa mbali asiyejua bahari, ambaye atashinda, atafika, atahesabu boti, na atakimbia kazi ikiwa kwenye lenta. Tunayo majengo ya namna hio, sina haja ya kuyaorodhesha. Kwa hivyo usafiri wa majini uwe mstari wake peke yake kwenye BQ, usifichwe ndani ya bei ya zege, na zabuni ya chini kupita kiasi iitishiwe maelezo kama vile ya juu inavyoitishiwa. Tenda zinazokwama hapa si zote zinazokwama kwa bei ghali.

Mtandao nao. Sitaki kuudharau wala kuufanya ndio hadithi nzima. Kuna sehemu za kisiwa cha Pate utapanda juu ya sakafu kutafuta mnara, na umeme ukikatika saa nne asubuhi na muda wa mwisho ni saa tano, basi yale ya Mkanda yamejirudia kwa sura nyingine. Dawa yake inajulikana na wala si ghali: saa ya mwisho isiwekwe asubuhi ya Jumatatu, mtu aweze kupakia kidogokidogo kwa siku kadhaa na kurekebisha mpaka dakika ya mwisho, vyeti vya kampuni viwekwe mara moja tu na visiombwe upya kila tenda, apewe risiti yenye saa, na seva ikianguka, yaani upande wa serikali si upande wake, muda usogee wenyewe kwa kila mtu bila kuandikiana barua. Hilo la mwisho liandikwe kwenye hati ya tenda yenyewe. Bila hio kanuni seva itaanguka siku zile ambazo kuna mtu anataka ianguke. Na tafadhali, kama ni kielektroniki kiwe kielektroniki, hii tabia ya kumwambia mtu apakie halafu alete na nakala ya karatasi ofisini ni kumtoza Mkanda mara mbili.

Nimeacha malipo mwisho kwa sababu hapo ndipo makontrakta wenyewe wanapopima kama mfumo ni wa kweli. Mtu anayejua atalipwa baada ya miaka mitatu anaweka miaka hio mitatu ndani ya bei yake, atake asitake, na asiyeweza kusubiri haingii kabisa. Madeni ya makontrakta kwenye kaunti za Kenya ni wimbo wa kila mwaka, na mle ndani kuna waliouza mashua kulipa vibarua. Ikiwa mfumo huohuo uliopokea zabuni kwa sekunde utaonyesha pia cheti cha kazi kimeidhinishwa lini, kimekaa mezani kwa nani siku ngapi, na nani kalipwa kabla ya nani, ushindani utaongezeka bila semina yoyote. Ikiwa hesabu ya uwazi inakatika pale mkataba unaposainiwa, ami yangu ataendelea na msimamo wake, kwamba yeye siku hizi anajenga nyumba za watu binafsi Shela, hataki tenda ya mtu.

Mimi bado sijakata tamaa na mfumo. Ila ikitangazwa tenda ya zahanati au darasa huku visiwani kwenye huo mfumo, sitaanza na kuangalia nani kashinda na kwa bei gani. Ntaipakua BQ, niende moja kwa moja kwenye mstari wa kuchimba mwamba nione wameandika mita ngapi, kisha nimpigie fundi yeyote wa pale aliyewahi kuchimba kisima nimuulize mwamba unaanzia futi ngapi.